Mwaka Jitka Alipokaa Chumba cha Juu

Ujumbe ulikwenda kwanza kwa mpwa wangu mwenye kambi ya watalii kule Bidiya, naye akanitumia mimi, na chini yake akaandika, "Shangazi, huyu anakutafuta wewe, hatafuti ngamia." Nilikuwa jikoni kwangu Ibra, hapa Omani, nachambua mchele. Nikausoma nimesimama, kisha nikakaa. Aliyeandika anaitwa Lenka. Mama yake, Jitka, amefariki baada ya maradhi marefu, na siku zake za mwisho, hospitali huko Brno katika nchi yao ya Cheki, alikuwa akiitaja Ibra, akinitaja mimi, Zuwena, na akimtaja bibi yangu. Lenka anataka kujua jambo moja tu. Alipokuwa na miaka minne mama yake alimwacha akaja Omani. Baba yake, ambaye ndiye aliyemlea, alimwambia toka utoto wake kwamba mama alipata kazi nzuri Uarabuni, na kati ya kazi na mtoto akachagua kazi. Mama na mtoto walipokuja kuonana ukubwani hawakuweza kulizungumza hilo. Kila wakilikaribia mmoja wao huinuka akaenda kuteleka maji ya chai. "Wewe ulikuwepo," kaniandikia. "Ni kweli?"

Ebo! Nilipandwa na hasira mpaka ungo ukanitoka mkononi. Ningeweza kumjibu pale pale kwa neno moja, maana nimesomesha Kiingereza mpaka nimestaafu na hilo neno moja silikosi. Lakini mtu aliyelishwa uwongo tangu chekechea neno moja halimshibishi. Atataka kujua mama yake alikaa wapi, alikula nini, alisema nini, na siku ile ya mwisho ilikwendaje. Kwa hivyo naandika kwanza kwa lugha yangu, nipate kusema ninavyotaka, halafu nitamfasiria mwenyewe. Na kama maneno yangu yatakuwa makali kidogo, anisamehe. Bibi alikuwa akisema ulimi wangu umetiwa pilipili kabla sijatiwa wanja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, nangoja kupangiwa skuli, na kungoja kwenyewe kulikuwa kunaniua. Nilikuwa nikiishi na Bibi Rayya, mama wa baba yangu, aliyerudi Omani kutoka pwani ya Afrika na Kiswahili chake kama wengi wetu, katika nyumba yenye chumba kimoja cha juu, kina mlango wake na ngazi yake ya nje, na dirisha linaloangalia mitende na mfereji wa falaji. Bibi aliona chumba kinaliwa na mchwa bure. Hospitali ya pale ikawa inamtafutia pahala nesi wa kigeni, mwanamke, na nyumba yenye wanawake tu ikawafaa. Basi akaja Jitka, na sanduku moja. Alikuwa mrefu, mabega mapana, nywele rangi ya ufuta. Bibi alimtazama juu mpaka chini, akaniambia, "Huyu atainua wagonjwa wawili kwa pamoja, mmoja kila kwapa." Kitu cha kwanza alichokitoa sandukuni, kabla ya nguo, ni picha ya mtoto wa kike mwenye pengo, akaibandika ukutani kuelekea kitanda. Huyo ndiye Lenka.

Khabari yake alitupa siku ile ile, tumekaa sebuleni, kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika, mimi nikimfasiria Bibi kipande kipande. Alikuwa ameachana na mumewe. Kwao hakuwa na kazi ya kutegemea wala nyumba. Hakimu aliwaambia hivi: mtoto atakaa kwa mama yake Jitka, yaani bibi yake mtoto, kwa mwaka mmoja; mwaka ukimalizika, Jitka akileta ushahidi kuwa ana ajira ya kudumu na makaazi, mtoto ni wake; asipoleta, mtoto atakwenda kwa baba. Hospitali ya Ibra ilimpa kazi ya majaribio. Ndani ya mwaka huo ilimpasa afaulu mtihani wa mdomo kwa Kiingereza, mbele ya jopo la watahini mjini Nizwa. Akifaulu ataajiriwa, atapewa nyumba na ruhusa ya kumleta mwanawe. Akianguka mara mbili, basi, khalas, arudi kwao mikono mitupu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza suali moja, "Mtoto anapenda kula nini?" Jitka akasema viazi. Bibi akatikisa kichwa, "Tutampikia urojo, tuujaze viazi."

Tukaanza kusoma jikoni, kila siku baada ya sala ya alasiri, kwenye meza ile ile anayokatia samaki Bibi. Maneno Jitka alikuwa nayo mengi. Vitenzi ndivyo vilivyokuwa vikimponza. Kicheki chao, alinieleza, kina jambo linalotendeka na jambo lililopita, basi. Hakina ile hali ya jambo lililotendeka wakati wowote huko nyuma na matokeo yake yapo hapa sasa hivi, yanakutazama. Na nesi maswali yake karibu yote ni ya hali hiyo. Umekula? Umekunywa dawa? Umewahi kupasuliwa? Maumivu umekuwa nayo tangu lini? Yeye akimwuliza mgonjwa kama alikula, ungedhani anauliza karamu ya mwaka jana. Mimi nilimchorea mistari kama nilivyofundishwa chuoni, na mishale, na vitone, yeye akaitazama kama mtu anavyotazama bili ya umeme. Bibi alikuwa anamkwangua papa aliyeletwa kutoka Sur, harufu imejaa nyumba nzima. Akauliza, "Mnachora nini nyinyi, barabara ya Sur?" Nikamweleza. Bibi akaweka kisu chini. "Ala! Hata hilo mpaka mchore? We Jitka, umekula?"

Jitka, ambaye wiki zile za mwanzo alikuwa keshaokota Kiswahili cha jikoni kwa sababu Bibi humwuliza mtu kama amekula hata kabla ya salamu, akajibu, "Nimekula, Bibi." "Na jana?" "Jana nilikula." "Na mwanangu huyu Zuwena?" "Hajala. Anasema, anasema, hajala." Tukacheka. Halafu Jitka akaipiga meza kwa kiganja mpaka papa akaruka. Alikuwa ameiona ile hali, imo ndani ya "nimekula". Tangu siku ile kila sentensi yake ilitoka Kicheki, ikapita jikoni kwa Bibi, ndiyo ikaenda Kiingereza. Njia ndefu, alisema, lakini haina mashimo. Na Bibi naye akaingia darasani kwa nguvu, hakuna aliyemwita. Akawa anatupigia Kiingereza huku anakuna nazi: nimesali, nimepika, wewe hujaosha sufuria. Hiyo ya mwisho akiielekeza kwangu kila siku, nimeosha sijaosha.

Nikisema tulicheka nisieleweke vibaya. Nyumba ile mwaka ule ilikuwa na wasiwasi wa kudumu, kama nyumba yenye mgonjwa chumba cha ndani. Jitka alikuwa akipungua. Alikuwa akirudi zamu, anakaa kwenye ngazi ya nje na viatu miguuni, midomo inamcheza, anakariri. Simu ilikuwa sebuleni, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alipiga kwao. Mimi na Bibi tulijitia tunakunja nguo. Kicheki hatukijui, lakini mtu akisikia simu za mtu kila Ijumaa hujua mapito yake. Kwanza anauliza. Halafu mama yake anajibu neno moja, nalo tulilisikia mpaka tulipokaa, maana bibi yule alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe: "dobje, dobje," yaani vyema, mambo ni mazuri. Halafu anakuja mtoto, na hapo Jitka huchutama chini, uso umemfunguka, anazungumza na simu kama mtoto amesimama mbele yake. Mtoto alikuwa akiimba. Kuelekea mwisho wa kiangazi siku nyengine mtoto alikuwa amelala, siku nyengine amekwenda kucheza kwa jirani. Lakini mama alisema dobje, na Jitka akaridhika, akapanda juu kukariri.

Mara ya kwanza kwenda Nizwa niliendesha mimi, kwa gari ya ami yangu, kwa njia ya Bidbid. Jitka alikaa kando yangu na sare imepigwa pasi mpaka inakata. Nikamhoji njia nzima, na hakukosa kitenzi hata kimoja, wallahi hata kimoja. Nilikuwa najiona mwalimu mkubwa. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: nesi mmoja mwanamme, mtu wa Bidiya, amevaa kama mzee wa jangwani, ameketi kitini anaigiza mgonjwa, na Jitka amhoji kwa Kiingereza, jopo linasikiliza. Mimi niliachwa kwenye ukumbi wa nje. Alitoka haraka kuliko nilivyotazamia, anatabasamu. "Nimeuliza yote," akaniambia, "na yote sawasawa." Baada ya muda akaitwa ndani, na aliporudi uso ulikuwa hauna damu.

Aliyenieleza ni Daktari Thuraya, mkuu wa jopo, mwanamke wa makamo aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa hicho cha bara. "Grama yake iko fiti kabisa, dada," akaniambia. "Hata baadhi yetu hatumfikii. Lakini amemwuliza mgonjwa kama amepata maumivu, mgonjwa akajibu hapana, kheri tu, alhamdulillah. Akamwuliza kama amelala, amekula, yote kheri. Basi akamshukuru, akafunga faili. Huyo mgonjwa kwenye karatasi yetu kifua kimembana tangu alfajiri. Sasa amekwisha kufa ndani ya gari, njiani kurudi Bidiya." Mara moja nilielewa, na nilielewa pia kuwa jambo lile halikunipitia akilini hata siku moja. Huku kwetu Sharqiya, mashariki ya Omani, mtu akiingia akaulizwa khabari, akhbar, ulum, husema hapana khabari ila kheri, hata kama nyumba yake imeungua jana. Hatupi balaa mlangoni. Atakaa, atakula tende, atakunywa kahawa, atakitikisa kikombe kuonyesha kuwa kimemtosha, na hapo ndipo khabari yenyewe inapotoka. Watoto wetu wanalijua hili kama wanavyojua mkono wa kulia. Nani atakaa amfundishe mtu kitu kama hicho? Ungefikiri na kupumua nako kuna somo.

Tuliporudi tulisimama Bidbid, pale njia ya Nizwa inapokutana na yetu ya Ibra na Sur, nikanunua chai ya maziwa, nikampa gilasi dirishani. Hakuipokea. "Umenifundisha vitenzi," akasema. "Hukunifundisha kwamba watu wenu wanasema uwongo." Nikamwambia hatusemi uwongo. "Mtu anaumwa, anaulizwa na nesi, anasema haumwi. Kwetu hiyo ina jina lake." Nikamwambia kwetu ina jina lake pia, inaitwa adabu. "Adabu!" akapiga kelele mpaka wauza matairi wakageuka. "Adabu yenu inanichukulia mtoto!" Na mimi kwa ulimi wangu ule nikamjibu kuwa aliyetaka kumchukua mtoto wake si Mwomani. Akalifunga dirisha. Chai zote mbili nikazimwaga chini. Kutoka pale mpaka Ibra njia ni ndefu kwa watu walionuniana.

Bibi tulipomweleza alicheka kwanza, kicheko kifupi cha puani, halafu akaona nyuso zetu akakiacha. Siku ya pili, wakati wa somo, alitoka nje akaufunga mlango wa jikoni, kisha akaugonga. "Hodi!" Jitka akanitazama. "Mkaribishe," nikamwambia. Bibi akaingia na buibui lake kamili, akakaa kama mgeni wa mbali. Jitka akamwuliza khabari. "Kheri, alhamdulillah, hapana khabari." Jitka akataka kuuliza tena, Bibi akainua kidole. "Lete tende. Usiniulize kitu." Akaleta. "Sasa kahawa. Kidogo kikombeni, mimi si punda. Kwa mkono wa kulia." Akamimina. Bibi akanywa taratibu, akauliza mambo ya wodi, akauliza kama kwao kuna tende, akasifu mvua iliyonyesha milimani. Jitka goti lilikuwa likimpiga piga chini ya meza. Bibi akaomba kikombe chengine. Mimi mwenyewe nilikuwa natamani amalize. Mwisho akakitikisa kikombe, akakirudisha. "Haya. Sasa niulize."

"Khabari, Bibi?"

"Jicho langu la kushoto halioni tangu Ramadhani."

Nikacheka, nikidhani bado anaigiza. Jitka hakucheka. Alizunguka meza, akamshika Bibi kidevu, akamgeuzia dirishani, akamfunika jicho la kulia kwa kiganja, akamwonyesha vidole. Bibi akasema, "Vitatu," na vilikuwa viwili, kisha akasema, "Au kimoja, nnajua mimi?" Mimi nalala chumba kimoja na mwanamke huyu, nampa wanja, namsomea majina ya madawa, na sijui kitu. "Bibi, mbona hukuniambia?" Akajibu kwa utulivu kabisa, "Kila asubuhi unaniuliza, nakwambia kheri. Mara ya pili hujaniuliza." Jitka aliniomba nimfasirie maneno yale vizuri, na nilipomfasiria akakaa chini, akaomba na yeye kahawa. Jicho lilipasuliwa baada ya hapo, likapona nusu, na Bibi hakuacha kulalamika kuwa sasa anaziona sufuria zangu zilivyo chafu.

Miezi ya mwisho Jitka hakukariri tena ngazini. Alikuwa akienda kukaa na wazee wodini kabla ya zamu yake, akiwauliza khabari za mbuzi, khabari za watoto, akinyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda zaidi. Kwao, alisema, ukinyamaza watu wanadhani umeudhika. Bibi alimfanyisha mazoezi. Wakikaa wawili hao jikoni wanatazamana bila neno, mimi nikipita nachota maji, nywele zinanisimama. Alikuja akaweza. Manesi wenziwe wakaanza kumwita vizee vikiwa vigumu. Lakini mwaka ulikuwa unakimbia, na yeye akiniuliza kila siku kama nafikiri atafaulu, na mimi nikijibu inshaallah, mpaka akaniambia, "Hiyo inshaallah yako nayo ina mara ya pili?"

Siku ya mtihani wa pili niliweka sikio mlangoni, sina haya kusema. Nilimsikia akimsalimu mgonjwa, yule yule wa Bidiya. Akamwuliza kama kumetokea jambo. Hapana, kheri, alhamdulillah. Akamwuliza mvua kwao. Akamwuliza mifugo. Kisha kimya. Kimya kikawa kirefu, nikasikia mashine ya baridi inanguruma, nikasikia mtu wa jopo anakohoa, na sauti ya kiume ikauliza kama nesi ana suali jengine. Jitka akajibu, bado. Kimya tena. Nilikuwa nauma ushungi wangu. Halafu kiti kikalia, na mtu wa Bidiya akasema kwa sauti nyengine kabisa, ya chini, kwamba tangu alfajiri, dada, kuna kitu kizito hapa. Hapo Jitka akaanza, maswali yakafuatana, kila kitenzi pahala pake, na mimi nje midomo inakwenda pamoja naye kama maamuma nyuma ya imamu. Daktari Thuraya alipotoka alinikuta nalia. "Amepita, dada," akasema. "Huyu kijana wetu anasema alisahau kama anaigiza."

Tulirudi na halua ya Nizwa mapajani mwake na karatasi yenye muhuri juu ya halua. Aliimba njia nzima nyimbo ya kwao ya watoto, na Bidbid hatukusimama. Bibi alitupokea kwa vigelegele mpaka majirani wakatoa vichwa. Akatandika jamvi sebuleni, kahawa, tende, halua, mkate wa ufuta. Haikuwa Ijumaa, lakini nani angengoja? Jitka akachukua simu. Akamwambia mama yake, tukasikia bibi yule anapiga ukelele wa furaha kule, na sisi huku tukacheka. Kisha Jitka akauliza suali lake la kila Ijumaa. Na lile neno likaja, "Dobje, dobje."

Hakuridhika nalo. Nilimwona. Alibaki na simu sikioni, hakusema kitu, macho yake kwa Bibi. Bibi alikuwa ameinua birika kumimina, akaliweka chini. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Halafu Jitka akauliza tena, polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Na bibi yule wa Brno, ambaye mwaka mzima hatukumsikia ila neno moja, akaanza kusema, akasema, akasema, na huku analia. Jitka hakuchutama safari hii. Alisimama wima, mkono ukutani. Aliporudisha simu pahala pake alimwambia Bibi kwa Kiswahili, "Wamemchukua."

Baba alikwenda chekechea kiangazi kilipokuwa kinamalizika, akamchukua mtoto, na hakumrudisha. Mama yake Jitka alificha. Alijua mtihani unakuja, akaona mwanawe akijua atarudi mbio na atakosa kila kitu; wacha kwanza afaulu, atulie, ale, ndipo aambiwe. Bibi aliposikia hivyo alijifunika uso kwa kanga. Alikuwa amemtambua mwenziwe wa kusema kheri.

Sasa hapa Lenka asome vizuri, maana suali lake liko hapa. Nilimpigia Daktari Thuraya. Akasema kazi inaanza wiki ile ile, lazima asaini na aingie zamu. Akiondoka nchini kabla, nafasi inakwenda kwa mwengine, na huyo mwengine yupo tayari anangoja. "Nitaongea nao, lakini usiweke matumaini, dada." Nikamwambia Jitka abaki. Ndiyo, mimi nilimwambia. Nilimwambia hakimu aliahidi, sasa ajira anayo, nyumba anayo, karatasi hii hapa, aitume kwa wakili, ashinde kesi akiwa huku, na mtoto aletwe. Ilikuwa shauri la busara na mpaka leo naliona la busara. Akirudi, atasimama tena mbele ya hakimu hana kazi, na kwa mujibu wa maneno ya hakimu mwenyewe atakuwa ameshindwa. Alijua hivyo. Nilimrudilia mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nihakikishe ameelewa. Alikuwa anakunja nguo zake. Akanijibu, "Ana miaka mitano, Zuwena. Hamjui hakimu. Anajua kwamba siji."

Nikamgeukia Bibi anisaidie. Bibi hakunisaidia. Alikuwa keshasimama, anatia mkate na halua kwenye mfuko. Akaniambia, "Wewe maliza maneno yako utoe gari."

Asubuhi tulikwenda Maskati kwenye uwanja wa ndege, sisi watatu, Bibi kiti cha nyuma amemshika Jitka bega njia nzima. Karani wa tiketi alikuwa kijana wa watu wetu, ametusikia tunavyozungumza, akazungumza nasi Kiswahili. Alipofungua pasipoti akakuta karatasi ya hospitali imekunjwa ndani, Jitka mwenyewe amesahau kuitoa. Akaisoma yote, ile ajira, ile nyumba, ruhusa ya familia. Akamrudishia kwa adabu, akamwuliza, "Mama, umepata kazi ya kudumu, na tiketi yako ya kwenda tu. Kazi hii unaiachaje?" Nilikuwa nimesimama kando yake, bega kwa bega, na alichojibu nilikisikia kwa masikio yangu haya.

"Mwanangu hayuko huku," akasema, na ile karatasi akamwachia karani juu ya meza.